Nani Alikuwepo?

Dodoma ya miaka ya tisini ilikuwa na majira mawili tu: wakati wa Bunge na wakati usio wa Bunge. Bunge likiwa halipo, mji ulibaki wa wenyewe. Upepo ulitimua vumbi kutoka stesheni ya reli hadi Majengo, watumishi wa serikali walikwenda kazini na kurudi, na katika nyumba za wageni mhudumu alikuzungusha vyumba vyote uchague ukitakacho. Kikao kikikaribia, vyumba viliisha, kuku wa kuchoma alipanda bei, na madereva wa teksi waliifahamu ratiba ya Bunge kuliko baadhi ya wabunge. Sisi waandishi tulifika kwa basi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 450, nguo zimebadilika rangi kwa vumbi, halafu tukaanza kugombea vitanda na makarani wa wizara.

Mara ya kwanza nilikwenda Julai 1995. Nilikuwa nimetoka chuo cha uandishi wa habari na kuajiriwa na gazeti moja la binafsi la Kiswahili. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa tangu 1992, na magazeti nayo yalikuwa yameongezeka hadi meza za wauzaji hazikutosha. Safari ile haikuwa ya Bunge. Ulikuwa Mkutano Mkuu wa CCM, ukumbini Chimwaga, wa kumteua mgombea wa kupokea kijiti kwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Nilikwenda chini ya mwandishi mkongwe wa dawati letu la siasa. Sote tulimwita Mzee, ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika.

Matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa, Jakaya Kikwete alikuwa na kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo wawili wa juu walikuwa wapigiwe tena. Mimi nilikuwa nimeinama naandika tarakimu nisije nikakosea. Mzee akanigusa bega.

"Binti, hizo namba utazisikia redioni hata ukiwa umelala. Inua kichwa. Waangalie waliokuwa wa Msuya wanasalimiana na nani."

Niliinua kichwa. Duru ya pili Mkapa alipata 686, Kikwete 639, na kesho yake hakuna gazeti lililokosa tarakimu hizo. Jinsi watu walivyosogeleana kati ya duru na duru, hilo lilipatikana kwa waliokuwa wanatazama tu. Mengi niliyofanya baadaye katika uandishi wa siasa, na hata katika uhariri wa jarida la mtandaoni ambao sikuwa na habari kwamba ungekuja kuwa kazi yangu, yalitokana na agizo lile la Chimwaga.

Bunge nililolijua kwanza lilikaa katika ukumbi ambao leo unaitwa wa Pius Msekwa, jina la Spika aliyeliongoza kuanzia 1994 hadi 2005. Saa 3.00 asubuhi Spika aliingia ametanguliwa na siwa, dua ikasomwa, na maswali yakaanza. Saa 7.00 mchana kikao kilisitishwa hadi jioni, kisha kikaendelea mpaka saa 1.45 usiku. Kikao cha bajeti wakati huo kilianza Juni kikaenda hadi Agosti, na asiyejua baridi ya Dodoma ya Julai alifundishwa siku ya kwanza. Wabunge wa pwani walionekana na makoti mazito yaliyonunuliwa mitumbani jana yake.

Kazi ngumu ilikuwa kuifikisha habari Dar es Salaam. Ulikuwapo mtambo wa faksi, na foleni yake. Foleni ikizidi ulipiga simu ya mezani, mwenzako chumba cha habari akainua, ukamsomea habari yote yeye akiichapa. "Mheshimiwa nani? Rudia. Herufi ya tatu ni B au D?" Nyuma yake ulisikia taipureta za wengine na mtu akiuliza ukurasa wa mbele una nini. Kurasa za toleo la mikoani zilifungwa mapema ili magari yawahi kuondoka usiku. Gazeti lenyewe liliturudia Dodoma kwa basi, siku ikiwa imekwisha nusu, na wabunge waliosoma habari zao kwa kuchelewa hivyo walitusubiri kantini na malalamiko ya moto.

Utaratibu huo ulikuwa na matokeo ambayo wasomaji hawakuyaona. Habari ilipaswa kuondoka Dodoma alasiri, kwa hiyo waandishi wengi walifunga vijitabu vyao mchana. Jioni jukwaa letu lilibaki na watu wachache, na mawaziri waliijua saa hiyo vizuri sana. Asubuhi ilikuwa ya hotuba, na jioni ndipo fedha zenyewe zilipopitishwa. Mzee alibaki. Hakuwa na namna ya kuituma habari ya saa 1.45 usiku ikatoka kesho yake, ila alibaki, na aliyetumwa naye alibaki pia, apende asipende.

Jioni moja nilibaki naye Wizara ya Maji ikipitishiwa makadirio. Bunge lilikuwa limekaa kama Kamati ya Matumizi, na Katibu alikuwa anasoma Fungu 49, kifungu kimoja kimoja. Vifungu vingi vilipita kwa pumzi moja: kikasomwa, kikahojiwa, kikaafikiwa, kikafuata kingine. Kilichokawia ni kile chenye mshahara wa Waziri, kwa kuwa hapo ndipo mbunge alipoweza kuuliza jambo la sera, na asiporidhika, kushika shilingi. Asiyewahi kukaa pale huenda akacheka. Mbunge hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri, na hoja ikiungwa mkono hujadiliwa. Shilingi yenyewe hainunui hata pipi, lakini hakuna Waziri anayetaka kutoka ukumbini akiwa amepunguziwa.

Mbunge mmoja wa jimbo la vijijini alisimama akaeleza habari za visima vilivyochimbwa vikaachwa bila pampu. Alitaka tarehe. Waziri akajibu kwamba wizara imelipokea jambo hilo na italifanyia kazi kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akasema hajaridhika, shilingi anaishika. Viti vya nyuma vikapiga meza. Ndipo nilipomwona Mnadhimu wa chama chake akiondoka kitini, akipita nyuma ya safu, akimwinamia yule mbunge sikioni. Hawakuzungumza sana. Waziri alipewa nafasi tena, akasema yaleyale aliyoyasema mwanzo, karibu neno kwa neno. Mbunge akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa maelezo hayo mazuri ya Mheshimiwa Waziri, namrudishia shilingi yake." Watu wakapiga makofi. Muda ulikuwa umekwisha, ikaingia gilotini: vifungu vyote vilivyobaki vikapitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa.

Baadaye niliitafuta jioni hiyo katika Taarifa Rasmi, ile tunayoiita Hansard. Kila neno lilikuwamo: hoja, majibu, shukrani, na ndani ya mabano, Makofi. Safari ya Mnadhimu kutoka kiti hadi kiti haikuwamo, na kwa kweli si kazi ya Hansard kuiandika. Hansard huandika Makofi na Kicheko. Haisemi nani alikunja mikono wenzake wakipiga makofi, nani alitoka nje kabla ya kura, nani alirudi sauti imebadilika. Kwa wananchi wa jimbo lile, visima vyao vilipotelea katika ile dakika ambayo haikuandikwa.

Niliandika aya chache. Dar es Salaam waliziweka ukurasa wa ndani, baada ya siku kadhaa, karibu na tangazo la mnada. Yule mbunge alinikuta kantini.

"Dada, umeniharibia jimboni."

"Kuna nililoongeza, Mheshimiwa?"

Alinitazama, akacheka, akaagiza chai mbili. Tangu siku hiyo alikuwa mmoja wa watu walioniambia ukweli kuhusu yaliyokuwa yanaendelea ndani ya chama chake. Nadhani alinisamehe kwa sababu alijua nilikuwapo. Mwanasiasa humkasirikia mwandishi aliyemwona, na humdharau aliyesimuliwa.

Yako mambo ya maisha yale nisiyoyakumbuka kwa furaha. Bahasha zilipita mikononi mwa wengi, na mshahara wa mwandishi ulikuwa wa kumfanya mtu aizoee bahasha. Wanawake tulikuwa wachache jukwaani, na kila mmoja wetu alikuwa na hadithi zake za korido ambazo hakuzipeleka kwa mhariri. Lakini nikiulizwa ni wapi nilijifunza kazi, sitasema chuoni. Nitasema ni kwenye viti vile vya juu, jioni, njaa inauma, Katibu anasoma vifungu.

Kisha ikaja Februari 2008. Bunge lilikuwa limehamia katika ukumbi mpya ulioanza kutumika 2006, na Spika alikuwa Samuel Sitta, aliyeahidi Bunge la kasi na viwango. Tarehe 6 Dk. Harrison Mwakyembe aliwasilisha taarifa ya Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, mkataba uliotokana na ukame na mgawo wa umeme wa 2006. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alisimama, akalalamika kwamba kamati haikumhoji, halafu akasema amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjwa, na Mizengo Pinda akathibitishwa kuwa Waziri Mkuu. Nilikuwa jukwaani. Nakumbuka wabunge walivyogeuka kutazamana kabla sentensi haijaisha, na jinsi sisi waandishi tulivyosahau kuandika.

Nchi nzima iliona pamoja nasi, kwa sababu televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja. Watu walisimama madukani na kwenye saluni. Ilikuwa siku kubwa ya demokrasia yetu, na utangazaji wa moja kwa moja ulistahili sifa zote uliopewa. Ila ndani ya vyumba vya habari siku hiyo ilipanda mbegu nyingine. Wahariri walianza kuuliza: kama Bunge lote linaonekana hapa Dar es Salaam kwenye televisheni ya ukutani, kwa nini tulipie nauli, chumba na posho ya mtu Dodoma? Mwandishi akaketi Tazara au Mwenge, akasikiliza, akaandika, na habari yake ikatangulia ya aliyekuwa jukwaani. Hata waliopelekwa Dodoma walianza kubaki hotelini, miguu juu ya kiti, rimoti mkononi.

Mtandao nao ulikuwa umekwisha bisha hodi. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kublogu kwa Kiswahili. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa siku nyingi, alifungua blogu yake, na picha za shughuli ya asubuhi zikawa zinaonekana mchana huohuo. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam 2009, intaneti ilianza kushuka bei, na simu za mkononi zikawa na kamera za kutosha kurekodi mkutano wa hadhara. Gazeti letu lilifungua tovuti, likampa kijana mmoja kazi ya kumwaga humo kila kilichochapishwa. Hakuna aliyemwita mhariri. Aliitwa "yule wa kompyuta".

Novemba 2014 jukwaa lilijaa tena. Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ilileta taarifa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu, na mjadala uliingia usiku. Mwaka huohuo nilikuwa nimeshuhudia Bunge Maalumu la Katiba, likiwamo tukio la Aprili 16 pale wajumbe wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka nje ya ukumbi. Katika matukio yote mawili niliona jambo lilelile: siku ya kelele tulikuwapo wote, na siku za kawaida zilizozaa kelele hizo tulikuwa watatu au wanne. Mkataba wa umeme hauanzi kuwa kashfa siku kamati inapousoma mezani. Huanza jioni isiyo na waandishi, kifungu kikipita.

Januari 27, 2016 serikali ikatangaza bungeni kwamba televisheni ya taifa, TBC, itaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja. Gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walikataa, vurugu zikatokea, na askari wakaingia ukumbini kuwatoa. Badala ya matangazo ya mchana kutwa, wananchi wakaletewa kipindi cha usiku cha kumbukumbu zilizorekodiwa, Leo Katika Bunge. Niliandika kuhusu uamuzi huo kwa hasira, kama wenzangu wengi. Lakini hasira ilipopoa niliona picha nzima ilivyokuwa mbaya. Kwa miaka minane vyumba vya habari vilikuwa vimeiachia televisheni kiti chao. Televisheni ilipoondolewa, kiti kilikuwa kitupu, na vijana wengi wa madawati ya siasa hawakuwahi kukikalia. Hawakujua mlango wa kuingilia. Hawakujua kwamba mbunge akizungumza na Mnadhimu mara mbili kabla ya saa 5.00 asubuhi, kuna jambo jioni.

Mji wenyewe nao ulikuwa unabadilika. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka huohuo wa 2016, na Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Nyumba za wageni za zamani ziligeuka ofisi, maghorofa yakapanda, na yale majira mawili niliyoyazoea yakafutika. Dodoma sasa ina watu mwaka mzima. Aliyepungua ni mwandishi jukwaani.

Magazeti yalikuwa taabani. Matangazo yalipungua, nakala zikapungua, wenzetu wakapunguzwa kazi. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ilikuwa imepitishwa Novemba 2016, na mwaka 2017 peke yake Mawio, Mwanahalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi mbalimbali. Niliondoka gazetini kipindi hicho. Haikuwa kwa ushujaa. Nilikuwa na malipo ya kuachishwa kazi, kompyuta ya mpakato, na marafiki wawili wa zamani wa jukwaani wasio na ajira kama mimi. Tukaanzisha jarida la mtandaoni la siasa na sera.

Kuanzisha ni rahisi kusema. Machi 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni, na kila aliyetaka kuchapisha habari mtandaoni alitakiwa kupata leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja za leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kabla yake ilikuwapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka ule. Baadhi ya wanablogu walifunga. Sisi tulichangishana, tukajaza fomu, tukasubiri. Chumba chetu cha habari kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga Kinondoni, na mlinzi wa jirani alidhani tunafundisha tuisheni kwa jinsi vijana walivyoingia na madaftari.

Nilidhani nahama tu kutoka karatasi kwenda kwenye skrini. Ilinichukua muda kuona kwamba karatasi ilikuwa inanifanyia nusu ya kazi ya uhariri. Ukurasa ulikuwa na inchi zake. Habari ikizidi, mkasi. Mtambo ulikuwa na saa yake. Habari isiyokamilika ililala hadi kesho, na mara nyingi ilipoamka ilikuwa bora. Mtandaoni hakuna inchi wala saa. Habari inaweza kutoka sasa hivi ikiwa nusu, ikarekebishwa baada ya saa moja, ikarekebishwa tena, na aliyeisoma mwanzo asijue. Mipaka ile ilibidi niiweke mwenyewe, na vijana waliniona mkaidi.

Mpaka wa kwanza ulikuwa swali: nani alikuwepo? Mwandishi akiniletea habari ya siasa, kabla sijasoma sentensi ya pili, nauliza hivyo. Kijana mmoja mwenye kipaji aliwahi kuniletea habari kali kuhusu Waziri aliyekataa kujibu swali la mbunge. Alikuwa na klipu ya sekunde chache iliyokuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu asubuhi.

"Nani alikuwepo?"

"Mama, ni yeye mwenyewe Waziri. Anaonekana. Ameketi, hajibu."

"Naona ameketi. Nauliza nani alikuwepo klipu ilipokwisha."

Alikwenda kutafuta. Hansard ya siku hiyo ilionyesha kwamba Waziri alijibu alasiri, pamoja na maswali mengine, kwa aya nzima yenye takwimu. Jibu lenyewe lilikuwa bovu, na takwimu zake hazikulingana na zile za kitabu cha bajeti cha wizara yake. Tukaandika habari hiyo badala ya ile. Ilitoka baada ya siku tatu, wakati klipu imekwisha sahaulika, na haikusambaa kama ambavyo ile ya mwanzo ingesambaa. Lakini iliulizwa bungeni. Yule kijana sasa ni mhariri wangu wa habari, na nimemsikia akiwauliza wenzake swali lilelile kwa ukali ambao mimi sina.

Tumefanya pia kazi ambazo gazeti lisingetupa nafasi ya kuzifanya. Hansard ipo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuisoma. Tunachukua shilingi zilizoshikwa katika kikao cha bajeti, tunaandika ahadi iliyofanya kila moja irudishwe, na mwaka unaofuata tunapiga simu au tunakwenda kijijini kutazama. Ni kazi ya taratibu. Mwandishi anakaa na diwani, mwenyekiti wa kijiji, na mama anayechota maji, kisha anarudi na picha ya pampu au ya shimo. Wabunge kadhaa hutupigia wenyewe sasa kabla ya kikao: "Dada, ile ya kwangu mmefikia wapi? Nataka kumwuliza Waziri." Katika miaka yangu ya gazeti hakuna mbunge aliyewahi kuniomba nimkumbushe ahadi aliyopewa.

Mtandao umetupa msomaji tuliyekuwa hatumjui. Zamani msomaji wangu alikuwa idadi ya nakala kwenye ripoti ya idara ya mauzo. Sasa naona habari ipi imesomwa hadi mwisho na ipi imeachwa njiani, na nimeona kwamba habari ndefu ya skimu ya umwagiliaji, ikiwa na majina ya vijiji na fedha iliyotengwa, husomwa na kupelekwa kutoka simu hadi simu katika wilaya husika kwa wiki kadhaa. Wanaochangia bando ili mzee mmoja asomewe habari ya kata yake sijawahi kuwaona kwenye takwimu za mtangazaji yeyote, lakini ndio wanaotuletea barua.

Watu huniuliza kama siku hizi bado kuna haja ya kumtuma mtu Dodoma. Video za Bunge zinapatikana, Hansard inapatikana, mawaziri wanaandika wenyewe mitandaoni. Swali hili nalisikia zaidi kutoka kwa bodi yetu ndogo kila tunapopanga bajeti, na si swali la kipuuzi. Tuna fedha kidogo: ruzuku hapa, wanachama wachache wanaolipa pale, na matangazo ya kubahatisha. Kumweka mwandishi Dodoma tangu Aprili hadi mwisho wa Juni, kama kikao cha bajeti kilivyo siku hizi, ndiyo gharama yetu kubwa kuliko zote. Treni ya SGR iliyoanza safari za huko 2024 imepunguza uchovu na vumbi, lakini chumba ni chumba na mtu lazima ale.

Jibu langu ni lile la ukumbini. Kamera humwangalia anayesema, na anayeielekeza kamera ni Bunge lenyewe. Hansard huandika kilichosemwa. Waziri huandika anachotaka kisomwe. Vyote vitatu vina faida, navitumia kila siku, na hakuna hata kimoja kitakachoniambia Mnadhimu amepita nyuma ya safu ya nani. Huyo lazima aonwe na mtu aliyekaa juu, ambaye hana haraka, na ambaye saa 1.45 usiku bado yupo.

Kwa hiyo Dodoma ndiyo mstari wa kwanza katika bajeti yetu, juu ya pango na juu ya intaneti. Mwaka jana mjumbe mmoja wa bodi, mhasibu makini na rafiki yangu, alipendekeza tuupunguze nusu. Nilimwambia sina pingamizi, ila aanze kwa kushika shilingi ya mshahara wangu, na mimi sitakubali airudishe kwa maelezo mazuri. Aliniuliza mshahara wenyewe ni kiasi gani. Nilipomtajia, alicheka, akauacha mstari kama ulivyo.